Msumari wa Namba Nne

Jumatatu, 7 Aprili

Kocha kaondoka. Bila kuaga! Funguo za stoo ya mipira kaziacha juu ya meza ya mwenyekiti, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Filimbi ya klabu kaenda nayo. Huyu ni wa tatu msimu huu. Wawili wa kwanza tuliwafukuza sisi, huyu katufukuza yeye.

Naandika humu kwenye daftari la kufulia. Kurasa za mbele ni za jezi na soksi, za nyuma ni zangu. Hakuna atakayelifungua. Nani ana hamu ya kusoma soksi?

Hali ni mbaya. Pointi kumi na tisa, nafasi ya pili kutoka mwisho, mechi sita zimebaki. Mbili za mwisho zinashuka daraja. Miaka ishirini na miwili niliyofua jezi za klabu hii haijawahi kushuka, na sababu naijua hata kama wengine wanajifanya hawaijui. Mkono wangu! Mwaka ule wa mvua nilizikausha jezi kumi na nane kwa kukimbia nazo uwanjani, nimezifunga kwenye mti wa bendera ya kona, raundi arobaini. Filimbi ya kuanza ilipopigwa zilikuwa kavu kama karatasi, na mimi nilikuwa na pumzi kuliko winga wetu. Refa alishuhudia. Bahati mbaya ameshafariki.

Jumatano, 9 Aprili

Mwenyekiti kaja stoo leo. Yeye, muuza matairi mzima, kakaa juu ya kapu la mipira kama abiria aliyeachwa na basi. Anasema kila kocha anayempigia anataja masharti, wengine wakiona namba yake wanazima simu. Nimtafute nani, Mjomba? (Pale klabuni wote wananiita Mjomba, hata walionizidi umri.)

Nilikuwa nakunja jezi. Ningeendelea kukunja. Ningenyamaza. Lakini mdomo wangu huu!

Nikamwambia dawa iko kwenye familia yangu. Mtoto wa dada yangu, nikasema, alivuka mpaka akakaa miaka mitatu, akapewa timu iliyokuwa mkiani, haina hata nyavu za goli, akaipandisha mpaka nafasi ya tatu. Siku anaondoka wachezaji walilia. Mmoja alimsindikiza mpaka mpakani kwa miguu, na alikuwa na malengelenge.

Mwenyekiti akanyanyuka kwenye kapu. "Mbona hujawahi kusema?"

"Hujawahi kuniuliza."

Sasa niandike ilivyo, humu hakuna msikilizaji. Alikaa miaka miwili. Kwenye kituo cha watoto wa miaka kumi. Alikuwa anapanga koni na kujaza chupa za maji. Goti lilimkatalia kucheza, akarudi, akasomea ualimu. Anafundisha sayansi na michezo shule ya msingi, ameajiriwa, anaheshimika. Hajawahi kuongoza timu ya watu wazima hata siku moja.

Lakini akili ya mpira anayo! Hapo sijatia chumvi. Ana daftari lenye mishale mingi kuliko vita. Na mwenyekiti hatapiga simu kule kuhakikisha. Mtu mwenye haraka hapigi simu.

Ijumaa, 11 Aprili

Kamchukua! Mpwa wangu kaja nyumbani mchana na vumbi la chaki bado kwenye mkono wa shati. Anatetemeka kwa furaha. "Mjomba, wameniona! Mwenyekiti anasema habari za kazi yangu zimemfikia. Nani kamwambia?"

Nikamwambia mpira una masikio.

Barua ya kuacha kazi kaipeleka leo leo. Mwalimu mkuu kamwambia nafasi hawezi kumshikia, ila ni mtu wanayempenda, mambo yakienda kombo aje wazungumze. Mradi aje na jina safi.

Dada kapiga simu. Sauti yake ya cherehani, inayokwenda mbele hairudi nyuma. "Wewe mtoto wa mama, una mkono kwenye hili?"

"Mimi? Mimi nafua jezi tu, dada."

"Hilo la mkono nalijua. Nimekosea kuuliza. Una mdomo kwenye hili?"

Nikasema mtandao unakatika.

Jumatatu, 14 Aprili

Utambulisho. Viti vya plastiki, kipaza sauti kimoja, mtangazaji wa redio na wapiga picha wawili. Mwenyekiti kasimama. "Huyu ndiye aliyeitoa timu mkiani ng'ambo ya mpaka akaifikisha nafasi ya tatu!"

Mpwa wangu aligeuza shingo taratibu. Alikuwa ananitafuta. Mimi nimesimama mlangoni na lundo la soksi. Macho yakakutana, nikaziangalia soksi.

Mtangazaji akamuuliza alifanyaje kule. "Tulifanya kazi kwa pamoja," akasema. Wakapiga makofi.

Baadaye kaja stoo, kafunga mlango. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Mjomba. Nafasi ya tatu ya nini?"

Nikaanza kumweleza kwamba kwenye mpira mtu lazima apambwe kidogo, hata bibi harusi —

"Kwa hiyo hawakuniona mimi. Wamemwona mtu uliyemtunga."

"Basi kawaambie sasa hivi, bado wako nje."

Akakaa juu ya kapu lile lile la mipira. Kisha akasema, "Shule nimeshapeleka barua."

Jumamosi, 19 Aprili

Nne moja. Nyumbani!

Alhamisi na jana kawakimbiza jua la saa sita mpaka wengine wakatapika. Komeo alijaribu kumwambia. Komeo ni nahodha wetu, beki wa kati, jezi namba nne, umri thelathini na tano, mlango wa klabu hii kwa miaka kumi na moja. Alimwita pembeni kwa adabu: "Kocha, mechi ikiwa kesho hatukimbii hivi. Miguu inabaki mazoezini." Mpwa wangu akamjibu kwamba programu imeandikwa hivyo. Komeo akarudi kwenye mstari akakimbia. Hakununa hata kidogo.

Leo miguu ikabaki mazoezini kweli. Halafu mpwa wangu kashikwa na hofu, kabadilisha wachezaji wote aliokuwa na ruhusa nao kufikia dakika ya hamsini na tano. Dakika ya sitini winga kaumia. Hakuna wa kuingia. Tumemaliza kumi, tumesimama kama nguzo za uzio.

Wachezaji wameanza kumwita Ticha. Mashabiki wana lao: Chaki! Chaki!

Jumamosi, 26 Aprili

Tumeshinda! Na niandike vizuri, kwa sababu aliyeshinda ni mimi.

Kwetu mambo huenda hivi. Saa mbili kabla ya mechi kocha hunipa karatasi yenye majina. Mimi natundika jezi kwenye misumari ya chumba cha kubadilishia nguo, kinachotengwa na stoo yangu kwa pazia tu. Kumi na moja ukuta wa kulia, hao ndio wanaoanza. Saba ukuta wa kushoto, benchi. Mchezaji akiingia hamuulizi mtu. Anaangalia ukuta. Akiona yake kushoto anakaa anafunga viatu kimya. Hakuna anayebishana na msumari, ndivyo nilivyoikuta klabu hii.

Leo mpwa wangu kaja stoo na karatasi tupu. Kalamu kaitafuna mpaka inavuja, mdomo wa bluu.

"Mjomba, Kocha Kofia alikuwa anakuuliza wewe, si ndiyo? Mwaka wa kombe?"

Kocha Kofia ndiye aliyetupa kombe letu pekee. Miaka ishirini nimekuwa nikisimulia kwamba hakutundika jezi bila kuniuliza. Mpwa wangu kaisikia hadithi hiyo tangu akiwa darasa la kwanza.

"Si ndiyo?"

"Bila mimi asingejua golikipa anakaa wapi," nikasema.

"Ungempanga nani leo?"

Sasa ningejibuje? Nikatundika. Nilimtoa yule mshambuliaji anayejipaka mafuta kuliko anavyokimbia, nikamweka wa benchi. Viungo nikawabadilisha upande. Mpwa wangu anaangalia ukuta, anaandika kwenye karatasi ninavyotundika. Karatasi inafuata msumari! Haijawahi kutokea.

Moja bila. Kona, kichwa cha Komeo, dakika ya sabini na nane. Mpwa wangu kanikumbatia mbele ya watu wote. Nilijiona mrefu kama mlingoti wa taa. Kombe la Kofia, ushindi huu, yote ni kazi ya hivi vidole kumi.

Jumamosi, 3 Mei

Sare, ugenini. Moja moja. Nimetundika mimi. Karatasi hata haniletei siku hizi, anasimama nyuma yangu tu.

Pointi ishirini na tatu. Mwenyekiti kanipigia honi barabarani.

Wachezaji nadhani wanajua. Mmoja kaniuliza leo huku anacheka, "Mjomba, na wiki ijayo umeniweka ukuta gani?" Nikamwambia inategemea soksi zake zinanukaje. Wakacheka wote. Komeo hakucheka. Alikuwa anajishika nyuma ya paja.

Alhamisi, 8 Mei

Mchua misuli kanishika korido. Anasema paja la Komeo limekaza kama waya, akicheza Jumamosi litakatika. Wiki moja tu apumzike. Komeo mwenyewe hataki kusema, anaona timu inamtegemea. Kocha yuko ofisini kwa mwenyekiti, mchua misuli anawahi kwake, mtoto wake mgonjwa. "Mjomba, mfikishie kocha. Usisahau."

Mimi kusahau! Nakumbuka namba ya kila jezi tangu nianze.

Lakini bila Komeo nyuma mlango uko wazi. Na Komeo havunjiki. Mara ngapi nimesimulia kwamba alicheza dakika tisini na msumari ndani ya kiatu? Watu wanaamini. Hata yeye nadhani anaamini.

Nitamwambia mpwa wangu kesho.

Jumamosi, 10 Mei

Sikumwambia.

Nilitundika namba nne kwenye msumari wake. Komeo kaingia, kaiangalia muda mrefu. Kisha kaniangalia mimi. Si kocha. Mimi. Akaitoa msumarini, akaivaa.

Dakika ya thelathini na moja. Hakuguswa na mtu. Alikuwa anarudi mbio, na mimi nikiwa benchi nilisikia — au nimejitungia kwamba nilisikia — mlio kama taulo mbichi linapopigwa ukutani. Kaanguka kifudifudi. Hakupiga kelele. Alikuwa anang'oa majani kwa mkono.

Tatu bila.

Jezi yake walilazimika kuikata kwa mkasi hospitali. Wamenirudishia vipande viwili kwenye mfuko.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda hospitali. Msuli umechanika ukang'oka kwenye mfupa. Daktari anasema kutembea atatembea. Mpira hakusema, na kwa umri ule hakuna aliyemuuliza. Mkewe anamenya chungwa, anamenya tu, halimaliziki.

Komeo akasema, "Mjomba, mchua misuli alikwambia?"

Nikaanza kumsimulia habari za beki mmoja wa zamani ambaye paja lake lilikatika vile vile, akakandwa na maji ya moto siku tisa, ya kumi akafunga bao kwa mguu ule ule. Aliniacha nikamaliza hadithi yote. Mpaka bao.

"Sikukuuliza hiyo," akasema.

Mkewe bado anamenya.

"Basi," akasema.

Nje nimemkuta mpwa wangu na mtangazaji wa redio. Anaulizwa kwa nini alimchezesha mgonjwa. Anajibu: "Uamuzi ulikuwa wangu, lawama ni zangu." Macho mekundu. Alipomalizana naye akanivuta kando. "Ulijua, Mjomba?"

Nikasema sikujua.

Nimeandika hilo ili liwe limeandikwa mahali.

Jumamosi, 17 Mei

Mbili bila. Jiwe limepasua kioo cha basi, kiti cha nyuma ya dereva. Chaki! Chaki! Chaki rudi ubaoni!

Dada alikuja uwanjani, mara ya kwanza maishani mwake. Kashona skafu ya rangi zetu kwa mkono wake. Nilimwona jukwaani akiwa ameishika mapajani, hajaivaa. Nyuma yake kulikuwa na watu wanamtukana kocha, kisha wakaenda kwa mama yake kocha. Hawakujua amekaa mbele yao. Hakugeuka. Alikunja skafu mara nne, akaitia kwenye mkoba.

Leo jezi nilitundika bila hata mzaha. Msumari wa nne nimeweka namba kumi na tano, kijana wa akiba. Mabao yote mawili yamepita upande wake.

Imebaki moja, Jumamosi, nyumbani, na timu iliyo juu yetu. Wana ishirini na tano, sisi ishirini na tatu. Tukishinda tunabaki. Sare tunashuka.

Jumanne, 20 Mei

Mwenyekiti kaniita dukani kwake. Si klabuni. Kasimama katikati ya matairi yaliyopangwa juu kwa juu, kama yuko kisimani.

Kapiga simu. Sasa! Wiki sita baadaye! "Kule wanamkumbuka vizuri," akasema. "Wanasema alikuwa mtu mzuri sana wa kujaza maji."

Nikafungua mdomo. Ajabu, hakukuwa na kitu ndani.

Akaniambia mpango wake. Jumamosi baada ya mechi, tukishuka, anaongea na redio moja kwa moja hewani. Atasema kocha alileta historia ya kughushi, aliidanganya klabu. Na mimi nitasimama pembeni yake niseme kwamba hata mimi, mjomba wake wa damu, alinidanganya. Nikisimama, stoo ni yangu mpaka nizeeke.

"Lakini mwenyekiti, aliyekwambia ni mimi. Ulikuwa umekaa juu ya kapu."

"Wewe unajua na mimi najua. Unataka nisimame redioni niseme nilichukua kocha kwa maneno ya mfua jezi?"

"Na nikikataa kusimama?"

Alilipiga tairi teke. Likayumba, likarudi mahali pake. Jibu lenyewe hilo.

Njiani nimetembea nikihesabu hatua, nikapotea kwenye mia tatu. Watu wawili wamenisalimia wakataka niwape hadithi. Nikawaambia naumwa jino.

Alhamisi, 22 Mei

Nilikwenda kwa dada ili nimwambie. Nilikwenda kwa nia hiyo hiyo.

Alikuwa anashona sare za shule. Bila kuinua kichwa akasema mwalimu mkuu kapiga simu, kwamba Jumatatu atamsikiliza mwanae, nafasi ya sayansi bado haijajazwa. "Kasema wazazi wamesikia ameshindwa mpira, hilo hawajali. Watoto wenyewe wanashindwa mpira kila siku. Mradi lisije jambo la aibu." Akakata uzi kwa meno. "Siku hizi haongei. Anakula anaangalia ukuta. Wewe ndiye unakaa naye huko, kuna nini?"

Nikamsimulia ile ya raundi arobaini na jezi za mvua. Sijui kwa nini. Safari hii niliongeza radi.

Dada alicheka. Kidogo tu, mabega yakatikisika. "Wewe mtoto wa mama," akasema, "ukifa watakuzika, na mdomo watauchimbia kaburi lake peke yake." Nikacheka naye. Nikaaga. Nikatoka. Nikasimama nyuma ya nyumba yake karibu na kamba ya nguo mpaka majirani wakaanza kuniangalia.

Jumamosi, 24 Mei

Saa nane mchana. Stoo.

Mpwa wangu kaja. Kanyoa ndevu. Kanipa karatasi! Majina yote, mwandiko wa ubaoni, wa duara.

"Leo nimepanga mwenyewe."

Nimeisoma. Si timu ambayo ningepanga mimi. Yule wa mafuta kamrudisha. Mabeki kaweka watatu. Nikamwambia mabeki watatu hawajawahi kuchezwa hapa tangu — akainua mkono, taratibu, kama anavyomnyamazisha mwanafunzi anayempenda.

"Na msumari wa nne uache wazi. Usitundike yeyote, kumi na tano mtundike mwisho wa ukuta. Waingie wauone."

Nilianza kutundika. Moja. Mbili. Tatu. Nilipofika pale mkono ukakataa kuruka kwenda wa tano.

"Mchua misuli aliniambia," nikasema. Nimeuambia ukuta. "Alhamisi ile. Aliniambia nikwambie."

"Najua."

Nikageuka.

"Komeo aliniambia nilipokwenda kumwona. Siku nyingi."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe, Mjomba."

Nikakaa juu ya kapu la mipira. Inaonekana kila mtu lazima alikalie. Nikamwambia na la Kofia. Kwamba Kocha Kofia hakuwahi kuniuliza jambo lolote la mpira. Aliniuliza mara moja tu, sabuni gani inatoa damu.

Hapo karibu acheke. "Hilo nilianza kulishuku kwenye ile sare."

Nilitaka kumwambia la tatu, la mwenyekiti na redio. Lipo mdomoni. Basi la wapinzani likapiga honi getini, akaondoka.

Saa tisa na nusu. Chumba cha kubadilishia nguo.

Wameingia, wameona. Wa kwanza kusimama mbele ya msumari mtupu alikuwa yule wa mafuta. Akaugusa kwa kidole. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, hakuna aliyewaambia. Wakatoka. Mpwa wangu hakuhutubia. Alisema, "Mnajua," basi.

Sijaenda benchi. Nimesema nina viatu vya kusafisha. Viatu ni visafi.

Mapumziko.

Bila bila. Wamekunywa maji, wameondoka. Kumi na tano kachanika nyusi, nimembadilishia jezi. Ile yenye damu naijua sabuni yake.

Kipindi cha pili. Kelele zimekuja kwa mkupuo, ukuta umetetemeka. Yetu! Moja bila. Nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele peke yangu na mataulo.

Kisha kimya. Kimya kile nakijua. Moja moja.

Nimetoka mlangoni. Mtangazaji wa redio anavuta waya wake koridoni, anaulaza kando ya ukuta ili watu wasijikwae. Karani wa mwenyekiti yuko naye. Karani kaniambia mwenyekiti anasema nivae koti, nisionekane na aproni. Mtangazaji kauliza, "Wewe ndiye mjomba wake? Anaanza mwenyekiti au unaanza wewe?"

"Naanza mimi," nikasema.

Karani akanitazama. Nikarudi ndani, nikalichukua daftari. Mdomo huu nikiuacha huru utakwenda unakotaka, naujua. Kwa hiyo naandika kwanza, nitasoma nilichoandika, sitatoka nje yake.

Nilimdanganya mwenyekiti kwa ustadi ambao hata mawakili wa

Hapana.

Ndugu wasikilizaji, mpwa wangu hana kosa. Kosa ni langu, mimi ambaye kwa miaka ishirini na miwili nimeibeba klabu hii mabegani na kwenye mvua nili

Hapana!

Wapo watu wanaosema mwongo ni

Hapana.

Mwenyekiti alijua. Mwenyekiti alikaa juu ya kapu akaniomba akilia, machozi yakalowesha

Hakulia. Alikaa tu.

Dakika ya themanini na ngapi sasa? Bado ni moja moja, ingekuwa vingine ningesikia. Vigoma vya mashabiki vimenyamaza. Msumari wa nne unang'aa pale jezi ilipokuwa ikiusugua miaka yote hii, mingine ina kutu.

Tena.

Mpwa wangu hajawahi kuokoa timu yoyote na hajawahi kusema aliokoa. Nilisema mimi, stoo, nikikunja jezi. Na paja la Komeo nililijua mimi.

Nimeisoma mara mbili. Haina anayelia, haina mpaka, haina mvua. Fupi! Mtu ataisikia hata akiwa anavuka barabara. Koti sijavaa.

Kelele. Uwanja mzima umepasuka — haziishi — siwezi kujua ni za upande gani. Kuna mtu anakimbia koridoni. Waya wa redio chini ya mlango umekazika, kuna anayeuvuta